Jina la Mtu Aliye Hai

Ploti ya Mzee Githinji hapa mtaani Lucky Summer ina vyumba kumi, bomba moja na kamba moja ya nguo, kwa hivyo haina siri. Siku mama mkwe wa Wacera alipofika kutoka Kimilili na kikapu cha ndizi, mfuko wa unga wa wimbi na jogoo aliyefungwa miguu, wanawake wa bombani walikuwa wameshakadiria bei ya huyo jogoo kabla mama wa watu hajavua viatu.

"Huyo ndiye?" aliuliza Jacky wa chumba cha sita, povu likimchuruzika mikononi. "Si ulisema hakutaki?"

"Alikuwa hanitaki," Wacera akajibu. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, chumba cha nne, mtoto wa siku nane begani. "Sasa amekuja kuniogeshea mtoto. Mwezi mzima."

"Woiye! Mwezi mzima na mama mkwe kwa chumba kimoja? Aki mimi ningerudi wodi ya leba."

Wacera alicheka mpaka mshono ukamuuma. Alikuwa na haki ya kucheka. Miaka mitatu iliyopita huyu mama alituma neno kwamba hajui mkamwana wa Kikuyu hulishwa nini, na tangu hapo Lusweti, mumewe Wacera, alikuwa akienda kwao Krismasi peke yake. Sasa mama amekuja mwenyewe, bila kuitwa mara mbili. Wacera alitaka kitu kimoja tu duniani: kwamba huyu mama, siku ya kurudi kwake, aondoke akiwa amemwita mwanangu mbele ya watu.

Na mambo yalianza vizuri, tusiwe waongo. Kila asubuhi mama aliketi chini nyuma ya pazia, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja, akamwagia maji ya uvuguvugu kwa kiganja. Mtoto alilia kama anayechinjwa. Bibi yake alimnong'oneza kitu kwa Kibukusu, akangoja, akanong'ona kingine, akangoja tena. Wacera, akikoroga uji upande wa pili wa pazia, alidhani ni bembelezo. Alimwambia hata Jacky: "Mama mkwe wangu ana wimbo mmoja mtamu, lakini unaendaenda na kusimama."

Haukuwa wimbo. Mama alikuwa akiwaita waliokufa wa ukoo wao, mmoja mmoja, aone mtoto atanyamaza kwa jina la nani. Alhamisi alifika kwa Nabiswa, mama yake mzazi, aliyezikwa zamani, na mtoto akakata kilio katikati, akafungua macho. Ijumaa akarudia. Mtoto akanyamaza tena pale pale. Mama alifuta machozi kwa ncha ya leso, asimwambie mtu. Jambo kama hilo husemwa watu wakiwa wamekaa, na watu walikuwa wamealikwa Jumamosi.

Wacera naye alikuwa na lake la Jumamosi. Kule wodini muuguzi alipoleta fomu, alimwambia mumewe, "Andika Nasambu."

Kalamu ya Lusweti ilisimama. "Nasambu?"

"Si ndiye mama yako? Msichana wa kwanza ni wa mama yake baba. Kwetu ni hivyo."

Lusweti alijua. Alijua vizuri kabisa kwamba kwao jina la mtu halipewi mtoto mtu huyo akiwa bado anakula na kutembea. Lakini alimtazama mkewe, aliyekuwa ametoka kwenye uchungu wa saa kumi na tisa, uso wake umejaa furaha ya mtu aliyepata zawadi isiyoweza kukataliwa. Akajiambia mama siku hizi ni mtu wa kwaya, mambo hayo aliyaacha. Ukweli ni kwamba aliona kueleza ni kazi ndefu. Akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Jina la ubatizo wakasema litangoja kanisa.

"Ni sawa," akasema. "Jina zuri."

*

Jumamosi saa nane mchana ua ulijaa. Viti vya kanisa upande huu, mabenchi ya majirani upande ule, na masufuria matatu ya Nabwire wa chumba cha tisa, mama kutoka Busia, magharibi huko huko kama Kimilili, ambaye hakuna sherehe ya ploti iliyopikwa bila yeye. Mama Thuo, mamake Wacera, alifika kutoka Gatundu na wanawake wanne wamebeba njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, mikate na blanketi la waridi. Yule jogoo alikuwa ameshageuka mchuzi. Mama mkwe alivaa gauni lake la kwaya, kijani na kola nyeupe, mtoto mapajani, na wakwe wawili wakashikana mikono wakaulizana habari za mvua kwa Kiswahili cha kila mmoja.

Mama alikohoa kidogo, akaanza kujiinua ili aseme lake. Wacera akamtangulia.

"Mimi sina maneno mengi," alisema, sauti ikitetemeka. "Mama, nilitafuta kitu cha kukupa, nikakosa. Basi nimekupa huyu. Jina lake ni Nasambu. Ni wewe."

Wanawake wa Gatundu wakapiga vigelegele mara tatu, kama ilivyo kwa msichana. Jacky akapiga mluzi wa vidole viwili. Mama Thuo alikuwa ameshanyanyuka kwenda kumkumbatia mkwe mwenzake alipoona mkwe mwenzake hanyanyuki. Kwenye benchi la nyuma, Nabwire alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Jina gani?" mama aliuliza.

"Nasambu."

"La msimu aliozaliwa, kama wapewavyo wengine, au langu?"

Wacera alidhani ni utani. "Lako, Mama! Wewe mwenyewe."

Mama alimwinua mtoto kutoka mapajani mwake, akampa mtu aliyekuwa karibu, ambaye alikuwa Jacky.

"Nimekufa lini?" akauliza.

Watu wawili watatu walicheka. Kisha wakaacha.

"Mama?"

"Nauliza. Mtoto hupewa jina la mtu akishazikwa. Mimi mmenizika lini, na matanga yangu yalikaliwa na nani?"

*

Ndani ya chumba cha nne waliingia watatu: mama, Wacera na Lusweti. Nje watu waliendelea kula, lakini kwa namna ya kula isiyogonganisha vijiko.

"Mama, nisamehe, sikujua," Wacera alisema. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Kwetu ni heshima. Wajukuu watatu wana jina la mama yangu na yuko hapo nje anakula njahi."

"Najua hukujua." Mama alisema polepole. "Wewe ni mtoto wa watu wengine. Nani angekufundisha? Wewe sikukasirikii." Akageuka. "Lusweti. Wewe ulijua?"

Lusweti ni msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha masufuria Baba Dogo. Kutwa anapigia watu kelele kupita mashine. Hapo sauti ilimtoka nyembamba.

"Sikujua, Mama. Nilikuwa kazini. Waliandika bila mimi."

Wacera alimtazama. Fomu ilikuwa kwenye mkoba chini ya kitanda, na mwandiko juu yake ulikuwa wa Lusweti. Angeweza kuitoa. Lakini kumvua mume nguo mbele ya mamake, na ploti nzima inasikiliza dirishani, ni jambo ambalo mama yake mwenyewe alimfundisha kwamba halifanywi. Basi akangoja Lusweti ajirekebishe. Alimpa nafasi, akamtazama machoni kabisa.

Lusweti alinyanyua thermosi. "Kuna mtu anataka chai?"

"Waliandika bila wewe," mama alirudia. Ule upole uliokuwa usoni ukaanza kuondoka. "Mtoto wa kwetu. Kumbe hapa anayesema ni mmoja."

Alipotoka nje alipita mbele ya Mama Thuo bila kumwona, akaenda kuketi mlangoni kwa Nabwire.

*

Kufikia jioni hadithi zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa na mashahidi.

"Shosho amekataa mjukuu juu ni wa Mkikuyu," Jacky alisema bombani. "Mimi ndiye nilimshika! Alinitupia kama kifurushi cha mitumba."

"Kukhu hajakataa mjukuu wake," Nabwire alijibu kutoka mlangoni kwake, bila kushusha sauti. "Wanataka kumzika mama wa watu akiwa mzima, kijana auze shamba la Kimilili, wanunue ploti Ruai."

Hakuna mtu aliyewahi kusikia habari ya kuuza shamba. Lakini neno lilishasemwa, na Jumatatu lilikuwa limekomaa. Kamba ya nguo ikagawanyika: wa huku wanaanika huku, wa kule wanaanika kule. Jacky alikuta sare za watoto wa Nabwire zimevuka katikati, akazitoa akaziweka ukutani.

"Hata kamba sasa ni ya kwenu?" Nabwire akamwuliza.

"Kwetu ni wapi? Sema tu."

"Unajua."

"Si nimezaliwa hapa mjini, Pumwani! Kwetu ni wapi, Nabwire?"

Nabwire akazichukua sare zake ukutani. Hawa ni watu ambao mwaka jana, Jacky alipolazwa na nimonia, watoto wake wawili walilala kwa Nabwire wiki tatu, na hakuna aliyeuliza walikula nini.

Mama hakuondoka siku hizo. Alilala chumba cha nne kwa sababu kwa Nabwire hakukuwa na nafasi, lakini chai alikunywa kwa Nabwire, na sahani Wacera aliyomfunikia jioni aliikuta asubuhi imefunikwa vile vile. Mtoto hakumwogesha tena. Wacera alimwogesha mwenyewe, vibaya, maji yakimwingia mtoto masikioni, na mama akisikiliza kilio kile na kutazama ukuta.

Mchana alikalia kigoda nje na Biblia. Lakini uani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Kule kwake wake za wanawe hawalitamki jina lake hata wakilipwa. Wajukuu humwita Kukhu, wenzake humwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Hapa binti wa Jacky, miaka sita, alikuja mbio kutoka chumba cha nne akipaza sauti ploti yote isikie:

"Mama Nasambu! Mama Nasambu! Nasambu amejinyea!"

Watoto wakacheka, wakaimba. Nasambu amejinyea, Nasambu ananuka. Hawakuwa na ubaya wowote, ni watoto. Mama alifungua ukurasa mwingine wa Biblia.

Wacera alitoka na kitambaa cha mtoto mkononi. "Msimwite hivyo!"

"Kwani tumwiteje?" binti wa Jacky aliuliza.

Wacera akamtazama mama mkwe, kisha yule binti, akarudi ndani.

*

Jumanne alfajiri, mama akiwa ametoka kwenda kwa Nabwire, Wacera alimzuia mumewe mlangoni.

"Nitabadilisha jina," alisema. "Cheti bado hakijatoka. Nitapanga foleni mwenyewe, nitalipa mwenyewe. Lakini wewe mwambie mama kalamu ilikuwa mkononi mwako."

"Badilisha tu, yaishe."

"Hayaishi. Nikibadilisha na wewe umenyamaza, nimekubali kwamba mimi ndiye niliyekaa peke yangu nikamzika mama yako."

"Unataka niaibike mbele ya mama?"

"Na mimi je? Niko wapi mimi tangu Jumamosi?"

Lusweti aliangalia saa yake. "Nachelewa, Wacera."

"Zamu yako inaanza saa mbili. Hii ni saa kumi na mbili na nusu."

"Kuna mzigo unaingia mapema."

Hakukuwa na mzigo. Alikwenda akaketi kwenye kibanda cha chai nje ya geti la kiwanda saa nzima, akanywa vikombe vitatu na kutazama kila aliyepita. Mara mbili alitoa simu ampigie mama yake, ambaye alikuwa umbali wa dakika kumi na tano kwa miguu. Mara mbili akairudisha mfukoni. Alijiambia ataongea jioni. Jioni mama alikuwa amelala mapema, au amefumba macho, na hilo likamfaa.

Wacera alimpigia mama yake Gatundu.

"Ukibadilisha," Mama Thuo alisema, "umesema heshima yetu ni uchafu. Na usipobadilisha..." Yeye pia hakujua. "Njoo nyumbani upumzike, mwanangu."

*

Jumatano mama alifunga mfuko wake. Alikunja gauni la kwaya mara nne, akaliweka juu kabisa lisikunjike. Lusweti alikuwa ameomba ruhusa ya asubuhi kazini ampeleke kituoni. Alisimama karibu na mlango, mfuko mkononi, kama mtu wa kubeba mizigo anayengoja kulipwa.

Wacera alimleta mtoto, ameogeshwa, amefungwa kwenye blanketi la waridi.

"Mama, mshike tu kabla hujaenda."

"Nikimshika nitamwitaje?"

"Mwite unavyotaka wewe. Jina lolote. Nitalifuata."

Uso wa mama ulilegea. Mikono yake ilitoka ndani ya leso, yote miwili, ikafika nusu ya njia.

"Kulikuwa na jina," alisema. "Mtoto alilikubali mwenyewe, ndani ya maji, siku mbili. Nilikuwa nisimame nilitaje Jumamosi."

"Jina gani, Mama?"

Mama alikuwa akimtazama mwanawe pale mlangoni, hata Wacera akageuka amtazame naye. Nje bomba lilikuwa limeacha kutoa maji, au watu walikuwa wamelifunga.

"Mwanangu," mama alisema, "una neno lolote kabla sijaenda?"

Wanawake wawili walimngoja.

"Safari njema, Mama," Lusweti alisema. "Boda iko nje."

Mikono ya mama ikarudi ndani ya leso. Alimwinamia mtoto kidogo, bila kumgusa, akavuta pumzi kama anayenusa chakula kinachopita, akatoka. Lile jina hakulisema.

*

Ijumaa Mama Thuo alikuja na pikapu ya mpwa wake Gachanja. Hakukuwa na kelele. Wacera alikunja nguo za mtoto, akaacha sufuria, akaacha meko, akaacha hata cherehani yake iliyokuwa ikimpa mkate. Lusweti alikuwa kazini. Jacky alimsindikiza mpaka langoni akilia kwa sauti. Nabwire alisimama nyuma ya dirisha lake, leso begani, akisema moyoni atoke, atoke sasa, akamuage mtoto hata kwa busu moja, lakini Jacky alikuwa pale langoni na Nabwire hakutaka aonekane ameshindwa. Pikapu ikaondoka yeye bado ameshika komeo.

Jumapili Lusweti alikuwa peke yake chumbani. Alikaa kitandani, akampigia mama yake.

"Mama. Nilijua. Mimi ndiye niliandika."

Kule upande wa pili kuku walisikika, na mtu akipasua kuni.

"Nilijua siku ile ile," mama alisema.

"Ulijua?"

"Tangu ukiwa mdogo, ukidanganya lazima mikono yako itafute kazi. Uliinua thermosi na hakuna aliyetaka chai. Nilikaa siku nne pale, nikanywa chai ya watu, nikitukanwa na watoto, nikingoja."

"Sasa nimesema, Mama."

"Umeniambia mimi niliyejua. Huyo mwingine yuko wapi?"

"Ameenda kwao."

Mama akamwuliza kama amekula. Lusweti akasema amekula. Hakuwa amekula.

Akampigia Wacera. Simu iliita mpaka ikakaribia kukata.

"Nimemwambia mama," alisema haraka, kama mtoto aliyemaliza kazi aliyopewa. "Nimemwambia yote. Kwamba niliandika mimi."

"Akasemaje?"

"Alijua, Wacera. Alijua tangu siku ile. Hana kinyongo na wewe."

Alitegemea atasikia kilio, au pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Badala yake Wacera akasema, taratibu, kama anayehesabu mishono:

"Alijua. Na akaniacha nibebe."

"Alikuwa ananingoja mimi niseme..."

"Mlikuwa wawili mnajua. Mimi nikalala katikati yenu siku nne kama mchawi. Namfunikia chakula, anakiacha. Namletea mtoto, hamgusi. Na alijua."

"Wacera, rudi tuongee. Nitawaambia hata watu wa ploti. Nitasimama pale bombani."

"Lini?"

Alitaka kusema leo. Nje alisikia ndoo, na sauti ya Jacky, na sauti ya mtu mwingine ikimjibu vibaya. Akasita. Ilikuwa sekunde moja tu, lakini simu haifichi kitu.

"Basi," Wacera alisema.

"Ngoja. Usikate. Mtoto... huko mnamwitaje?"

"Hatumwiti," alisema. "Akilia tunambeba tu."